Kofia za Boston

Januari 1896, katika nyumba moja ya mtaa wa Clarendon mjini Boston, Bi. Harriet Hemenway alimaliza kusoma habari iliyomkosesha raha, akainuka, akavuka barabara kwenda kwa binamu yake, Bi. Minna Hall. Habari ilieleza mauaji ya ndege huko Florida. Wawindaji walikuwa wameingia kwenye miti ambamo yangeyange na korongo hutaga kwa maelfu, wakawapiga risasi ndege wazima waliokuwa wakilisha makinda, wakawachuna manyoya ya mgongoni na kuiacha mizoga palepale. Makinda walibaki viotani wakilia hadi jua na njaa vikawamaliza.

Manyoya hayo yalikuwa yakienda kwenye kofia za akina mama. Wengine wao walikuwa marafiki wa hao mabinamu wawili.

Sisi tuliokulia karibu na mabonde ya mpunga tunamjua yangeyange: mweupe pe, mguu mwembamba, anatembea taratibu nyuma ya ng'ombe au kando ya maji kama mtu aliyedondosha kitu. Marekani wana wao, ndugu wa karibu wa hawa wetu. Msimu wa kuzaa ukifika, ndege huyu huota mgongoni manyoya marefu laini kama nyuzi za hariri, yanayotikisika kwa upepo mdogo tu. Nje ya msimu huo hana pambo la kumvutia mwindaji. Kwa hiyo aliyetaka manyoya hayo hakuwa na njia ila kumuua ndege akiwa na mayai au makinda, na kila bunduki iliyolia iliua vizazi viwili. Mwaka 1903 aunsi moja ilimpatia mwindaji dola 32, bei iliyoipita dhahabu, na ili kuipata aunsi hiyo ilibidi wafe ndege wanne hivi.

Ukubwa wa jambo hili ulikuwa umekwisha kupimwa miaka kumi nyuma. Mwaka 1886, Frank Chapman, kijana mpenda ndege, alitembea jioni mbili katika mitaa ya maduka ya New York akihesabu kofia. Alihesabu kofia 700. Kati ya hizo, 542 zilikuwa na manyoya, na nyingine zilibeba ndege mzima aliyekaushwa. Alitambua aina 40 za ndege bila kutoka nje ya mji.

Mabinamu hao wawili walianza na kitabu. Boston ilikuwa na orodha iliyochapwa ya familia zenye majina, iliyoitwa Kitabu cha Buluu. Walikaa nacho, wakaupitia mtaa baada ya mtaa, wakitia alama kwenye jina la kila mama waliyedhani anavaa manyoya. Kisha wakaandika barua na kuwaita watu kwenye chai. Katika sebule za Boston, vikombe vikizunguka, walisimulia yaliyokuwa yakitokea Florida na kumwomba kila mmoja aahidi kutovaa tena manyoya ya ndege wa porini. Wapo waliokubali, wapo waliosema wazi kwamba kofia zao wanazipenda. Mwishowe waliokubali walifika kama 900.

Kazi hii ndiyo inayonivutia zaidi katika historia yote ya uhifadhi wa ndege. Haina msitu wala darubini. Ni penseli, bahasha, majina na subira. Watu wengi hudhani chama cha watazama ndege huanza na kutazama ndege, lakini chama cha jimbo kilichozaliwa na kazi hii kilianza kwa kuwatazama watu, kujua nani anamsikiliza nani, nani akiacha kofia yake wenzake watamfuata. Bi. Harriet alijua kwamba mtindo wa mavazi hushuka kutoka kwa wachache hadi kwa wengi. Akaingilia pale juu, kabla haujashuka.

Massachusetts, jimbo la Boston, si geni kwetu kama linavyoonekana. Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya jimbo hilohilo, ndio walioleta Unguja kitambaa tunachokiita amerikani hadi leo, kilichofumwa katika viwanda vya huko. Baba yake Bi. Harriet, Amos Adams Lawrence, alikuwa tajiri wa vitambaa vya pamba. Pamba ya viwanda vile ilichumwa na watumwa wa kusini, naye Lawrence akatumia mali yake kuwapiga vita wenye watumwa: alifadhili walowezi waliokwenda Kansas kuhakikisha utumwa haupandwi kule, na mji wa Lawrence katika jimbo hilo umepewa jina lake. Binti alirithi ukaidi huo. Booker T. Washington, kiongozi maarufu wa Wamarekani Weusi, alipokataliwa vyumba na hoteli za Boston, ni Bi. Harriet aliyemkaribisha nyumbani kwake. Kwa mama wa namna hiyo, marafiki kumnunia kwa ajili ya kofia halikuwa jambo la kumrudisha nyuma.

Februari 1896 waliitisha mkutano, na Chama cha Audubon cha Massachusetts kikazaliwa. Aliyechaguliwa kuwa rais ni William Brewster, mtaalamu wa ndege aliyeheshimiwa kuliko wote jimboni. Miongoni mwa waliokuwa karibu na kazi hiyo alikuwamo George Mackay, mtu wa Nantucket aliyekuwa amehangaika kuwalinda membe wa kisiwa cha Muskeget, nao wakiuawa kwa ajili ya kofia zilezile. Walioandika barua ni wanawake, aliyekalia kiti ni mwanamume. Wao wenyewe walilipanga hivyo. Wanawake wa Marekani hawakupata haki ya kupiga kura nchi nzima hadi 1920, na chama kilichokusudia kwenda bungeni kilihitaji jina ambalo wabunge wangelifungulia mlango. Naona ni haki kutaja kwamba kwa miaka mingi jina lililochapwa juu ya karatasi lilikuwa la Brewster, ilhali kazi yenyewe ilianzishwa na wanawake.

Jina la Audubon lilitoka kwa John James Audubon, mchoraji wa ndege aliyefariki 1851. Lilikuwa limekwisha kujaribiwa mara moja. Mwaka 1886 mhariri wa gazeti, George Bird Grinnell, aliyewahi kufundishwa na mjane wa Audubon, alitangaza chama cha nchi nzima. Watu walitia saini ahadi ya kuwalinda ndege, na kwa muda mfupi orodha ilipita majina elfu thelathini. Lakini kazi yote ililiangukia gazeti lake. Hapakuwa na matawi yenye nguvu yake wala mfuko wa kuendesha shughuli. Kabla muongo haujaisha chama kikafungwa. Wale wa Boston walijenga kwa namna nyingine: jimbo moja, kamati inayokutana, ada inayokusanywa, na bunge moja la kwenda kulibishia hodi. Wakati huo sheria za wanyama na ndege zilikuwa mikononi mwa majimbo, kwa hiyo aliyetaka sheria alitakiwa ajipange kijimbo. Pennsylvania ilifuata mwaka huohuo wa 1896, kisha New York na mengine. Kufikia 1905 vyama vya majimbo vilizidi 30.

Sheria ya kwanza ilikuja upesi. Mwaka 1897 George Frisbie Hoar, seneta wa Massachusetts, aliliandikia bunge la jimbo lake ombi ambalo waombaji wake walikuwa ndege wenyewe. Ndege wanajieleza: tunakula wadudu wa mashamba yenu, tunaimba madirishani mwenu, na bado mnatuua na kutuvaa. Chini, badala ya sahihi za watu, yakafuata majina ya ndege wa jimbo. Mtu aliyekulia kwenye hadithi za sungura na fisi haoni ajabu mnyama kusema mbele ya wakubwa. Wabunge wa Boston nao walisikiliza, na mwaka huo wakapitisha sheria dhidi ya biashara ya manyoya ya ndege wa porini.

Sheria ya jimbo, hata hivyo, huishia mpakani. Duka la Boston lingeweza kukatazwa, mwindaji wa Florida hakuguswa. Mwaka 1900 mbunge wa Iowa, John F. Lacey, alifanikisha sheria ya nchi iliyofanya kuwa kosa kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine ndege aliyeuawa kinyume cha sheria ya kule alikotoka. Nguvu yake basi ilitegemea kila jimbo liwe kwanza na sheria yake. Vyama vya majimbo vikawa na kazi ya kuipigania sheria hiyo jimbo kwa jimbo, na baada ya sheria ikaja kazi ngumu zaidi, ya kumpata mtu wa kuisimamia mahali ambapo serikali haina askari.

Chama cha Florida, kilichoanzishwa 1900, kilipata sheria ya jimbo mwaka uliofuata. Jimbo halikuwa na fedha za kulipa walinzi, hivyo mishahara ilitoka kwenye michango ya wapenda ndege. Abbott Thayer, mchoraji mzaliwa wa Boston, alizunguka kwa matajiri akiomba pesa za walinzi wa pwani. Mwaka 1902 akaajiriwa Guy Bradley, mkazi wa Flamingo, kwenye ncha ya kusini kabisa ya Florida, kwa dola 35 kwa mwezi. Ujanani mwake Bradley alikuwa mwindaji wa manyoya. Aliijua kila njia ya maji, na waliokuwa wakiwinda aliwajua kwa majina. Hapo ndipo palipokuwa na hatari.

Asubuhi ya tarehe 8 Julai 1905 alisikia milio ya bunduki kutoka visiwa vya Oyster Keys, mkabala na nyumba yake. Alichukua mashua yake ndogo akaenda peke yake. Alimkuta Walter Smith, nahodha aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, pamoja na wanawe, wakipakia ndege waliokufa. Bradley alikuwa amewahi kumkamata mtoto wa Smith kwa kosa hilohilo. Maneno yakapanda, risasi ikalia. Mashua ya Bradley ilichukuliwa na maji, akaonekana siku ya pili akiwa maiti ndani yake. Aliacha mke na watoto wawili. Smith alijisalimisha Key West akidai amejitetea. Alikaa rumande miezi mitano kwa kukosa dhamana, kisha baraza la raia lililotakiwa kuamua kama kuna kesi likasema hakuna. Akatoka huru.

Kati ya gharama zote za vyama hivi, hakuna dola iliyokuwa nzito kama ile iliyochangwa kumnunulia mjane wa Bradley nyumba Key West. Naitaja kwa sababu mtu akisoma taarifa za vyama hivi huona safu za hesabu tu: mlinzi fulani, kisiwa fulani, dola kadhaa. Nyuma ya kila safu alikuwapo mtu ndani ya mashua. Paul Kroegel, Mjerumani aliyehamia Florida, alilipwa dola moja tu kwa mwezi kulinda kisiwa cha Pelican na mwari wake, baada ya Rais Theodore Roosevelt kukitangaza hifadhi Machi 1903. Mwaka 1908 walinzi wawili zaidi walipoteza maisha kwa mikono ya majangili, mmoja Florida na mwingine South Carolina.

Habari za kifo cha Bradley zilifanya kile ambacho vipeperushi havikuweza. Mwaka 1910 New York, kitovu cha biashara ya kofia, ilipitisha sheria yake licha ya wafanyabiashara kuipinga kwa nguvu zote. Mwaka 1913 uingizaji wa manyoya ya ndege wa porini kutoka nje ulikatazwa. Mwaka huohuo, siku ya mwisho ya urais wake, William Howard Taft alitia saini sheria ya John Weeks wa Massachusetts na George McLean wa Connecticut, iliyowaweka ndege wanaohama chini ya serikali ya nchi. Mahakama zikaitilia shaka, zikisema ndege ni mali ya jimbo. Basi serikali ikapita njia ya mkataba: mwaka 1916 ikakubaliana na Uingereza kwa niaba ya Kanada, na 1918 ikatungwa sheria ya kuutekeleza mkataba huo. Missouri ilipoipinga, Mahakama Kuu ya nchi iliamua mwaka 1920 kwamba sheria ni halali. Aliyeandika uamuzi ni jaji Oliver Wendell Holmes, mzaliwa wa Boston, na hoja yake ya moyoni ilikuwa nyepesi kuelewa: ndege huyu jana hakuwapo, kesho ataruka mpaka, jimbo litasemaje ni lake?

Ilikuwa imechukua miaka 24 tangu ile chai ya kwanza.

Wakati huo watu wa kawaida walikuwa wamejifunza jambo jingine: kuhesabu. Ilikuwa desturi sehemu nyingi za Marekani wanaume kugawanyika makundi siku ya Krismasi na kushindana nani ataua ndege na wanyama wengi. Krismasi ya 1900 Chapman, yule wa kofia, aliomba watu watoke, waone, waandike, warudi. Walitoka 27 katika sehemu 25, wakaorodhesha aina kama 90 za ndege. Hesabu hiyo haijakatika hadi leo. Kwa chama cha jimbo, daftari hizi zilikuwa hazina. Ukisimama mbele ya kamati ya bunge na kusema ndege wanapungua, utaulizwa walikuwa wangapi. Mwenye daftari la miaka thelathini ana jibu.

Chama cha Massachusetts kilianza pia kushika ardhi. Mwaka 1916 kilipata hifadhi yake ya kwanza, kilima cha Moose Hill katika mji wa Sharon, na leo chama kinalinda zaidi ya ekari 40,000. Vyama vya majimbo vilipoungana kuwa chama cha taifa mwaka 1905, cha Massachusetts kilibaki huru, na kiko hivyo mpaka sasa. Nadhani uhuru huo ulikisaidia. Kiliweza kushughulikia bwawa moja la maji ya chumvi au daraja moja bila kungoja ruhusa ya chama cha taifa. Miaka ya 1963 na 1965 jimbo hilo lilitangulia majimbo mengine kwa sheria za kulinda ardhi oevu, kwanza za pwani kisha za bara. Mabwawa ya chumvi, ambayo wajenzi waliyaona kuwa matope ya kufukiwa, yalipata wa kuyasemea.

Kuna barua moja isiyofaa kuachwa. Kiangazi cha 1957 ndege za serikali zilinyunyiza dawa ya DDT juu ya Duxbury, kusini mwa Boston, kuua mbu. Bi. Olga Owens Huckins na mumewe walikuwa wametenga eneo lao kuwa makimbilio ya ndege. Asubuhi walikuta ndege wamekufa karibu na maji ya kuogea waliyowawekea, midomo imeachama, kucha zimekunjwa vifuani. Januari 1958 alilipelekea gazeti la Boston Herald barua ya hasira, na nakala akampelekea rafiki yake, mwandishi Rachel Carson, akimwomba amtafutie mtu wa kusaidia. Carson alianza kuuliza. Kitabu chake, Silent Spring, kilitoka 1962, na miaka kumi baadaye Marekani ikaipiga marufuku DDT mashambani.

Jina la Audubon lenyewe limeleta mjadala mzito miaka hii, kwa kuwa mchoraji yule alimiliki watumwa na kuwauza. Vyama kadhaa, kikiwamo cha Seattle, vimeliacha. Chama cha taifa kiliamua 2023 kubaki nalo, na cha Massachusetts bado kinalitumia. Mimi nakumbuka kwamba aliyekianzisha alikuwa binti wa mpinga utumwa, na natamani siku moja chama kiitwe kwa jina lake au la binamu yake.

Kazi ya leo haitofautiani sana na ya zamani. Kila masika, kwenye fukwe za Massachusetts, wafanyakazi na watu wa kujitolea hupigilia vigingi na kufunga kamba kuzunguka viota vya kitwitwi mdogo wa rangi ya mchanga. Kiota chenyewe ni kishimo tu kilichokwanguliwa kwa mguu, na mayai manne yamefanana na changarawe kiasi kwamba unaweza kuyakanyaga huku unayatafuta. Kinda hutembea saa chache baada ya kuanguliwa, akikimbia na kusimama, akikimbia na kusimama. Gari likipita ufukweni hujibanza kwenye alama ya tairi, asionekane. Ndiyo maana chama hugombana na wenye magari, huandika kwa halmashauri, huhudhuria vikao vya usiku. Katikati ya miaka ya 1980 jozi zilizokuwa zikizaa jimboni hazikufika 200. Sasa zimepita 1,000.

Na yangeyange? Mwaka 1896 hakuwa na kiota Massachusetts. Akina mama wa Boston walimtetea ndege ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona akiwa hai. Risasi zilipokoma kusini, alianza kuongezeka, akapanda kaskazini pwani kwa pwani, na miaka ya 1950 akajenga kiota kwenye rasi ya Cape Cod, ndani ya jimbo lao. Bi. Harriet Hemenway alikuwa bado hai, karibu na umri wa miaka mia moja. Alifariki 1960.